Ukiomba mwenzako akukagulie msimbo wa programu

Ndugu zangu wa Goma mnaotatua mafumbo ya hesabu kwa programu, msimpe mtu msimbo na kumuuliza tu "ni sawa?" Jibu likiwa sahihi atasema ndiyo, nanyi hamtajifunza kitu. Muulizeni: "Kikomo cha namba kikifika bilioni, itakuwaje?"

Chukua fumbo la kujumlisha vigawe vya 3 au 5 vilivyo chini ya 1000. Kitanzi, yaani msimbo unaopitia namba moja moja, kinatoa 233168 papo hapo, ila kikomo kikiwa bilioni kitachelewa. Mimi nilionyeshwa njia isiyo na kitanzi, kwa kalamu na karatasi, pale Himbi umeme ukiwa umekatika: vya 3 ni 166833, vya 5 ni 99500, jumlisha, kisha toa 33165, maana vigawe vya 15 vimehesabiwa mara mbili. Nilifurahi sana!

Mpeni mkaguzi na jaribio dogo pia: chini ya 10, jibu ni 23.