Kuunda pikipiki uani kwa vipuri mchanganyiko: anza na fremu, injini ifuate

Wengi wanaokuja kuniuliza huja na injini mkononi. Mtu kanunua injini ya cc 150 kutoka kwenye bodaboda iliyogongwa, kaisafisha, inawaka, sasa anaitafutia mwili. Mimi humwambia akaifunike kwanza, tuzungumze habari ya fremu. Injini hapa Unguja hupati tabu nayo. Fremu nzima yenye kadi ya usajili ndiyo utakayoizungukia mji.

Nitakayoyaeleza yanahusu chombo cha aina moja ninachokijua vizuri: fremu ya Honda CG125 ya zamani, injini ya Kichina ya 150 ya mtindo wa CG, gurudumu la nyuma na shokapu za mbele kutoka pikipiki nyengine. Ukibadilisha kipande kimoja, vipimo vitabadilika, lakini mpangilio wa kazi ni huuhuu.

Hatua ya 1: Fremu na karatasi zake

Usitoe pesa kabla hujaona namba ya chesesi kwa macho yako. Mara nyingi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyopitiwa na grainda, au iliyozungukwa na weldi mpya, achana nayo hata kama unapewa bure.

Baada ya hapo ni kutu. Pikipiki iliyoishi Nungwi, Paje au Makunduchi huliwa na hewa ya chumvi kutoka ndani ya bomba, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Mimi hupendelea fremu za watu wa Dunga, Mwera na Umbuji, kule kati mbali na pwani. Chukua nyundo ndogo ugonge bomba lote taratibu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Tia mkazo chini ya betri, chini ya kiti, na pale bomba la mbele linapokutana na boliti za injini. Ukiona shaka, chokoa kwa bisibisi. Ikizama, basi.

Halafu tazama kama fremu imepinda. Pitisha uzi kutoka katikati ya shingo hadi katikati ya mahali uma wa nyuma unaposhika gurudumu. Uzi unatakiwa upite katikati ya matundu ya boliti za injini. Fremu iliyopinda kidogo inanyooka kwa fundi mwenye vifaa. Iliyopinda shingoni siinunui.

Hatua ya 2: Injini

Hapa sitakaa sana. CG125 ya Honda ina pistoni ya milimita 56.5, inayopanda na kushuka milimita 49.5. Injini nyingi za Kichina za 150 za mtindo huo zina pistoni ya milimita 62, mwendo uleule wa 49.5. Kilichonenepa ni silinda. Kifua cha nje, chuma kile kinachofungwa kwenye fremu, hufanana, kwa hiyo matundu ya boliti mara nyingi hukubali. Mara nyingi, si kila mara. Kata kadibodi, iweke ubavuni mwa fremu, toboa matundu yote ya boliti, nenda nayo unakonunua. Kadibodi haibembelezwi na muuzaji.

Kama bomba la mbele la fremu yako linaishia kwenye injini na chini kuko wazi, jua kwamba injini yenyewe ni sehemu ya fremu. Boliti zake zisiwe na mchezo hata kidogo.

Hatua ya 3: Funga kavu

Funga kila kitu bila kuchomea chochote wala kupaka rangi: injini, uma wa nyuma, magurudumu, shokapu, tanki, kiti. Tumia boliti zozote ulizonazo. Chombo kisimame kwa miguu yake kama kilivyokusudiwa, hata kiwe na sura ya kuchekesha. Vijana hawaipendi hatua hii kwa sababu haionyeshi kitu cha kupiga picha. Lakini matatizo yote yatakayokuja hujitokeza hapa, na hapa kuyaondoa ni kazi ya spana tu.

Hatua ya 4: Mstari wa matairi, mstari wa cheni

Ukiniuliza pikipiki mchanganyiko hufia wapi, nitakwambia hapa.

Kwanza matairi. Vuta uzi nyuma ya tairi la nyuma, uulete mbele pande zote mbili ukigusa ubavu wa tairi hilo kwa mbele na kwa nyuma. Usukani ukiwa umenyooka, nafasi baina ya uzi na tairi la mbele iwe sawa kulia na kushoto. Haiko sawa? Gurudumu halijakaa katikati. Rekebisha kwa bushi za ekseli, vile vipande vya bomba vinavyovaa kwenye ekseli: punguza upande mmoja, ongeza mwengine. Kazi ya bushi ni ya fundi wa kukereza vyuma. Mpelekee kipimo kilichoandikwa, usimpelekee maneno.

Matairi yakishakuwa mstari mmoja, hayaguswi tena. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo watu wanapoharibu: cheni inakataa, basi wanalisukuma gurudumu pembeni ili sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) zikutane. Cheni itanyooka kweli, lakini chombo kitakwenda upande kama kaa, na ukikamata breki barabara ikiwa na maji utajua ulichokifanya.

Sasa cheni. Laza rula ndefu ya chuma kwenye uso wa sproketi ya nyuma, uielekeze mbele hadi kwenye sproketi ndogo. Mimi nakubali tofauti ya milimita 1. Ikifika 2 natafuta dawa. Sproketi ya mbele kwenye injini hizi imeshikwa na kibamba kwenye mifereji ya shafti, haina pa kusogea, kwa hiyo atakayehama ni wa nyuma. Kama wa nyuma yuko ndani mno, weka pete moja iliyokerezwa baina yake na habu, kitovu cha gurudumu. Moja, nasema. Rundo la washa hulegea. Boliti nazo ziwe ndefu za kutosha, nati iume boliti kwa unene wake wote na ncha itokeze kidogo. Kama yuko nje mno, uso wa habu ndio utakaopunguzwa, na ukiona nyama haitoshi, tafuta habu nyengine.

Hakikisha pia cheni na sproketi ni za namba moja. Cheni ya 420 na ya 428 zote zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, ndiyo maana macho hudanganyika. Upana wa ndani ndio tofauti: 6.35 kwa 420, 7.94 kwa 428. Sproketi ya 420 ndani ya cheni ya 428 itazunguka vizuri siku za mwanzo, kisha meno yatalika upesi.

Kuna kitu kingine cha gurudumu la nyuma ambacho watu husahau kabisa. Sahani ya breki ya ngoma, ile inayobeba viatu vya breki, lazima iwe na mkono unaoishika kwenye uma ili isizunguke. Kila kampuni huuweka mahali pake, na gurudumu la pikipiki nyengine mara nyingi halikuti pa kushika. Niliwahi kuletewa chombo ambacho sahani ilikuwa imefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Ukikanyaga breki, sahani hujizungusha, fimbo ya breki hupinda, na gurudumu linaweza kujifunga hapohapo. Tengeneza mkono wa chuma bapa, ufunge kwa boliti zenye kufuli, kabla ya jambo lolote jengine.

Hatua ya 5: Shokapu za mbele

Pima urefu wa shafti ya usukani na vikombe vya gololi kwenye shingo. Vikombe vinaweza kubadilishwa. Shafti fupi haina dawa ya nyumbani. Ukiweka rimu ya inchi 17 badala ya 18 kwa tairi la unene uleule, mbele kutashuka kiasi cha milimita 12.7. Hilo halinitishi. Kinachonitisha ni shokapu zilizo fupi au ndefu sana kuliko za asili, maana usukani hubadilika tabia: ukiwa mwepesi mno hutetemeka kwenye mwendo. Mwisho, geuza usukani hadi kikomo pande zote. Usukani usiguse tanki, na kebo zisivutike.

Hatua ya 6: Kuchomea

Ng'oa betri, CDI (kisanduku kinachopeleka umeme wa kuwashia plagi) na tanki, vipeleke mbali. Shika kwa nukta kwanza, pima tena kwa uzi, ndipo umalizie, ukirukaruka huku na huku ili moto usivute fremu upande mmoja. Mabano ya kiti, ya taa na ya betri chomea mwenyewe kama mkono wako ni mzuri. Shingo na uma wa nyuma mpe mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Na umeme ukiwa unayumba jioni, majirani wote wamewasha vyombo vyao, lala. Weldi ya wakati huo hukaa juu tu, haizami.

Hatua ya 7: Meno

Sproketi ya 15 mbele na 42 nyuma ni uwiano wa 2.8. Ukiweka 14 mbele unapata 3.0, na utapata hiyohiyo 3.0 kwa 15 na 45. Yaani jino moja mbele ni kama matatu nyuma, na sproketi ya mbele ni rahisi zaidi kununua. Kwa Unguja, barabara zetu za tambarare, nabaki na 15. Shemeji yangu wa Pemba nilimfungia 14 bila kumuuliza; vilima vya Chake kwenda Wete, na gunia la karafuu nyuma, havitaki ubishi.

Ulegevu wa cheni uwe milimita 20 hadi 30 katikati, na uupime tena mtu akiwa amekaa juu. Klipu ya kiungo, upande wake uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda.

Hatua ya 8: Waya

CDI ziko za namna mbili: inayokula moja kwa moja kwenye koili ya magneto (jenereta ndogo ya injini), na inayokula betri. Hazibadilishani. Injini hizi za CG kwa kawaida hutumia ya kwanza, kwa hiyo zinaweza kuwaka hata betri ikiwa imekufa, na huzimwa kwa kuupeleka waya wa swichi kwenye bodi, yaani chuma cha fremu. Kwenye Honda na nakala zake, kijani ni bodi, nyekundu ni betri, nyeusi ni umeme uliopita swichi, nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia. Kipande cha wayaringi cha kampuni nyengine kina rangi zake, kwa hiyo fuata waya kwa mita.

Fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Pale waya wa bodi unapofungwa, kwangua rangi hadi chuma kitoke, funga, kisha paka grisi. Taa nyingi zinazofifia kisiwani humu ugonjwa wake uko hapo.

Hatua ya 9: Tanki na rangi

Tanki lenye kutu ndani: siki hadi lijae, liache usiku kucha, mwaga, suuza kwa maji yenye magadi, kausha juani, kisha zungusha petroli na oili kidogo lisipate kutu upya. Tanki lililotoboka usilisogeze kwenye moto wa kuchomea. Mvuke wa petroli hubaki ndani hata baada ya kuosha, na hulipuka.

Rangi usipake masika. Unyevu huifanya kama ukungu. Ngoja kiangazi, asubuhi umande ukishakauka na upepo haujaanza kuleta vumbi.

Hatua ya 10: Kuwasha

Oili 20W-50, kiasi cha lita moja. Kijiti cha oili kiweke bila kukikaza unapopima. Nafasi ya valvu kwa CG ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye kubana (valvu zote zimefunga). Nafasi ya plagi iwe 0.6 hadi 0.7.

Zunguka mtaani kidogo, rudi, fungua plagi. Kahawia ni sawa. Masizi meusi, petroli imezidi. Nyeupe, hewa imezidi, na hiyo huunguza pistoni. Ukitupa boksi la kichujio cha hewa ili ionekane ya mashindano, tarajia hiyo nyeupe.

Rudia kukaza boliti zote injini ikishapoa: za injini, ekseli, sproketi, mkono wa breki. Zirudie tena baada ya safari ya kwanza ya mbali, na hadi hapo usimpakie mtu. Namba ya injini si ile iliyo kwenye kadi, kwa hiyo nenda ukaibadilishe rasmi na ukakate bima kabla ya kutoka barabara kuu. Beba risiti ya injini, itakuwa ndiyo karatasi ya kwanza kuulizwa.