SOMO: Kugeuza laini za logi ya seva ziwe ziara za kurasa (tuache kupima kwa lumbesa)

Wakuu habari za baridi. Huku Uyole leo asubuhi vidole vimegoma kabisa, ila somo niliahidi acha nilimalize.

Nianze na aibu yangu. Kuna mwenye duka la mbegu nilimtengenezea tovuti, akaniuliza kwa siku wanaingia watu wangapi, mi nikahesabu laini za logi (faili ambalo seva inaandika kila inachoombwa) nikamjibu kwa kujiamini 1,400, jamaa akafurahi akaongeza mzigo wa mbegu za viazi. Kumbe ukurasa wake mmoja unaita vitu 23, yaani HTML yenyewe (maandishi ya ukurasa), css 2 (za mwonekano), js 4 (programu ndogo za ukurasa), fonti 1 na mapicha 15. Gawanya mwenyewe. Nilipotoa na maboti (programu zinazotembelea tovuti zenyewe bila mtu) zikabaki ziara 38. Hiyo ndo lumbesa sasa, gunia limefungwa kilemba unaambiwa ni gunia moja, ila hapa kichwa chini, gunia ni moja unaambiwa ni ishirini na tatu.

Hatua ya 1. Angalia logi yako ina nini. Fungua access.log, laini zitakaa hivi (nimefupisha mwisho):

203.0.113.7 - - [14/Jun/2025:07:12:31 +0300] "GET /bei-viazi HTTP/1.1" 200 8412 "https://www.google.com/" "Mozilla/5.0 (Linux; Android 10; K)..."
203.0.113.7 - - [14/Jun/2025:07:12:32 +0300] "GET /css/mtindo.css HTTP/1.1" 200 3120 "https://example.com/bei-viazi" "Mozilla/5.0..."
203.0.113.7 - - [14/Jun/2025:07:12:33 +0300] "GET /fonti/a.woff2 HTTP/1.1" 200 21040 "https://example.com/css/mtindo.css" "Mozilla/5.0..."

Cha kukodolea macho ni ile anwani ya kwenye nukuu za pili, refera. Inakwambia hii rikwesti (ombi la kupewa faili) imetumwa na nani. Css imetumwa na /bei-viazi, ila fonti haijatumwa na ukurasa, imetumwa na css. Hapo ndo wengi wanapotea, fonti na picha za nyuma zinabaki yatima wanazitupa. Kwaiyo ni ukoo, fonti baba yake css, babu yake ukurasa.

Hatua ya 2. Kata laini kwa alama ya nukuu, usikate kwa nafasi maana useajenti (utambulisho wa brauza na simu, ile ya mwisho inayoanza na Mozilla) imejaa nafasi utalia. Amri ya Linux awk -F'"' inatosha, $2 ni rikwesti, $3 ina kodi ya jibu, $4 refera, $6 useajenti.

Hatua ya 3. Toa maboti yanayojitambulisha, Googlebot na wenzake. Yapo yanayojifanya simu, hayo utayajua kwa tabia, yanachukua HTML tu, hayagusi css wala picha hata moja. Ila usiyahukumu kwa ziara moja, soma hatua ya 5 kwanza.

Hatua ya 4. Pita laini moja moja. Ukikuta ukurasa (GET, kodi 200 yaani sawa, au 304 yaani haijabadilika) fungua ziara mpya uipe namba. Ukikuta kitu kingine, tafuta ziara ya karibuni yenye IP ileile, useajenti ileile, na ukurasa unaofanana na refera, kibandike hapo. Refera ikiwa ni css, tafuta hiyo css ulishaibandika kwa nani. Mi nafunga ziara zikipita dakika 2 bila kitu kipya, wengine wanaweka sekunde 10, lakini mtu wa kule kijijini mtandao unasuasua na picha zinazosubiri mpaka ashushe ukurasa hizo sekunde 10 hazimtoshi hata kidogo.

Hatua ya 5, hii imenitesa wiki nzima. nginx (programu ya seva) inaandika laini rikwesti IKISHAISHA, siyo inapoanza. Brauza ikianza kusoma HTML tu inaita css hapohapo kabla HTML haijamalizika kushuka, kwaiyo kwenye mtandao mbovu unaweza kukuta mtoto kaandikwa kabla ya mzazi! Dawa: kwenye log_format ongeza $msec (saa laini inapoandikwa) na $request_time (muda rikwesti iliotumia), toa ya pili kwenye ya kwanza upate muda wa kuanza, upange upya kwa huo. Apache, programu nyingine ya seva, ye kwa kawaida anaandika muda wa kupokea rikwesti, ila laini nazo zinaandikwa mwishoni, kwaiyo panga pia. Na ukumbuke kashe, mtu aliyeshawahi kuingia utaona laini ya HTML peke yake, css na picha zipo kwenye simu yake tayari. Huyo siyo boti, usimfute mteja.

MASWALI

Mdau wa Tukuyu: Mkuu kwangu hakuna refera kabisa, laini inaishia kwenye ukubwa wa faili.
Jibu: Unatumia fomati ya common ndugu yangu. Kwenye Apache badili CustomLog iwe combined. Za zamani ndo basi tena, hazirudi.

Dada wa Mafinga: Shikamoo kaka. Kwetu wanafunzi wote wanatoka na IP moja na simu zao zote zinasoma Android 10, K, nawatenganishaje?
Jibu: Marahaba dada. Hiyo K ni Chrome wenyewe wameficha modeli ya simu, na mitandao ya simu nayo inarundika wateja kwenye IP moja, kwaiyo hauko peke yako. Angalia marudio, ndani ya ziara moja css ileile haitakiwi kuitwa mara mbili, ukiona mbili ujue ni watu wawili, pasua. Haitakuwa asilimia mia ila afadhali.

Mdau wa Njombe: Mtu akisoma kurasa tatu akabonyeza kurudi nyuma, inahesabika nne?
Jibu: Hapana, mara nyingi kurudi nyuma brauza inatoa kwenye kumbukumbu yake, seva haisikii kitu. Utaona tatu. Kuziunganisha hizo tatu kuwa mtu mmoja ni kazi nyingine, mazoea ni kukata akikaa kimya dakika 30. Skripti yangu ya hiyo bado inaniletea watu wanaosoma saa kumi alfajiri, mpaka nikagundua seva iko kwenye +0000 na mi nasoma kama saa za huku. Nikiinyoosha ntaileta.