Je, mtoto wa maskini anapanda? Kupima kwa Python, hatua kwa hatua

Kipimo cha Gini kinaonyesha pengo la mapato ni pana kiasi gani. Hakionyeshi kama aliyezaliwa upande wa chini atabaki hukohuko. Swali hilo la pili ndilo tutakalolipima, kwa data ya Marekani, kwa sababu iko wazi na ni bure.

Hatua ya 1: Pakua. Tafuta tovuti ya Opportunity Insights, kituo cha utafiti kilichopo Chuo Kikuu cha Harvard. Chukua faili la matokeo ya kaunti kutoka kwenye atlasi yao ya 2018. Mimi nimeliita kaunti.csv. Humo wamo watoto waliozaliwa 1978 hadi 1983, na mapato yao yamepimwa 2014 na 2015. Kila mmoja amehesabiwa mahali alipokulia, hata kama alishahama.

Hatua ya 2: Fungua safu unazohitaji tu. Faili lina maelfu ya safu, na kompyuta ndogo italemewa.

```
import pandas as pd
s = ["state", "county",
     "kfr_pooled_pooled_p25",
     "kfr_pooled_pooled_p25_se",
     "kfr_pooled_pooled_p75"]
d = pd.read_csv("kaunti.csv", usecols=s)
d.columns = d.columns.str.replace("kfr_pooled_pooled_", "")
```

Hatua ya 3: Elewa namba. Safu ya p25 inahusu watoto ambao wazazi wao walikuwa nafasi ya 25 kati ya 100 kwa kipato, ukihesabu kutoka chini. Ukiona 0.42, ujue kwamba kwa wastani watoto hao wamefika nafasi ya 42. Wengi huuliza kwa nini tusitumie dola moja kwa moja. Matajiri wachache huuvuta wastani wote juu. Ukijaribu kutibu hilo kwa logi (logarithm, ambayo sifuri haina), kila mwenye kipato sifuri anadondoka, na huyo ndiye tuliyekuja kumtafuta. Nafasi humbakiza kila mtu kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Pata mteremko, yaani kiasi ambacho nafasi ya mtoto hufuata nafasi ya mzazi. Toa p25 kwenye p75, gawanya kwa 0.5. Ukipata sifuri, kipato cha mzazi hakiamui kitu. Ukipata 1, kimerithiwa chote. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake wa 2014 ulipata takriban 0.34 kwa Marekani nzima. Lakini mteremko unaweza kuwa mdogo kwa sababu watoto wa matajiri wameshuka, kwa hiyo usiusome bila p25.

Hatua ya 5: Usipange orodha bado. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukipanga sasa hivi, juu kabisa na chini kabisa zitajaa kaunti zenye watoto wachache, ambako bahati tu inaweza kuyumbisha wastani. Zivute kuelekea wastani wa jumla, kila moja kwa kadiri ya hitilafu yake ya makadirio (safu ya p25_se):

```
e = d["p25_se"]**2
v = d["p25"].var() - e.mean()
w = v / (v + e)
d["mpya"] = w*d["p25"] + (1-w)*d["p25"].mean()
```

Sasa panga kwa "mpya". Linganisha Mecklenburg (namba ya jimbo 37, ya kaunti 119), kaunti ya jiji la Charlotte, na Santa Clara (6, 85), kaunti ya San Jose. Utafiti ule wa 2014 ulikuta kwamba, kati ya watoto wa familia za asilimia 20 ya chini kwa kipato, waliofika asilimia 20 ya juu walikuwa asilimia 4.4 eneo la Charlotte na 12.9 eneo la San Jose.

Hatua ya 6: Vunja wastani. Rudia ukitumia kfr_black_male_p25 na kfr_white_male_p25. Wazazi wana kipato kilekile, ila wavulana weusi wanaishia chini ya weupe karibu kila mahali. Ripoti ikiishia kwenye wastani wa wote, dhuluma hii haionekani kabisa.

Hatua ya 7: Ukitaka kufanya hivi kwetu. Tafiti za bajeti ya kaya Tanzania na Kenya hupima zaidi matumizi, na mara nyingi mzazi na mtoto huonekana pamoja pale tu wanapoishi nyumba moja. Waliohama hawamo, na mara nyingi wao ndio waliopanda. Tumia sensa na elimu badala ya kipato. Chukua vijana wa miaka 14 hadi 18, ambao wengi bado wako nyumbani, uwabakize wale ambao wazazi wao hawakumaliza shule ya msingi, kisha hesabu wilaya kwa wilaya ni wangapi wamemaliza.