"Sorry" Si Pole: Chunga Ulimi Ukigongana Ughaibuni

Aliyekulia Moshi au Arusha hutoa pole bila kufikiri. Mtu kajikwaa stendi, pole. Kabeba ndoo, pole. Katoka shambani, pole na kazi. Hakuna anayeuliza kama wewe ndiye uliyemsukuma. Ukifika Uingereza au Marekani, kinywa hicho hicho kinatoa "sorry", na hapo ndipo mtego ulipo: neno hilo ni pole na ni samahani pia, na anayelisikia ndiye anayechagua alichukue kama ipi.

Kwa mambo madogo usijisumbue. Waingereza huitoa wakitaka kupita kwenye basi, wasiposikia ulichosema, hata wakikanyagwa wao. Msibani, "I'm sorry for your loss" inatosha, kwa mdomo au kwenye kadi. Usiulize marehemu aliugua nini, na usiende nyumbani kwao bila kualikwa.

Hatari iko barabarani. Magari yamegusana, mnashuka mkitetemeka, na ulimi unatangulia: "Sorry, sorry, I didn't see you." Kinachokumaliza ni hayo maelezo ya mwisho. Kwa England na Wales, kifungu cha 2 cha Sheria ya Fidia ya 2006 kinasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Lakini "sikukuona" ni maelezo ya ulichofanya, na yanatumika dhidi yako. California, kifungu cha 1160 cha sheria ya ushahidi kinalinda maneno ya huruma kwa aliyeumia na jamaa zake, kisha kinasema wazi kwamba kukiri kosa hakulindwi, hata kukiwa ndani ya maneno hayo hayo ya huruma. Ontario, jimbo la Kanada lenye jiji la Toronto, tangu 2009 ulinzi ni mpana zaidi: unafika hata kwenye radhi inayokiri kosa, na bima yako haifutwi kwa sababu hiyo, ila hauhusu kesi za jinai wala za makosa ya barabarani. Kwa hiyo ushauri wa binamu aliye Toronto usiupeleke Los Angeles.

Tena mikataba mingi ya bima ina sharti kwamba usikiri kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kujua. Rudia kulisoma hilo. Ukisema "nitalipa mimi", umelivunja.

Sema hivi tu: "Are you all right? Are you hurt?" Huo ni utu kamili, na haukufungi. Halafu ya kawaida: simama, badilishaneni majina, anwani, namba za magari na bima, piga picha kabla magari hayajasogezwa. Uingereza, kama hamkubadilishana taarifa, ripoti polisi mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 24.

Wengi hunaswa usiku, barabara ikiwa imeshatulia. Namba ya yule dereva unayo, dhamiri inakusumbua, unamwandikia: "Sorry about today, my brakes were bad." Usitume! Mdomo unaweza kubishaniwa. Ujumbe una tarehe, saa na jina lako. Ukitaka kumjulia hali, uliza hali yake na uishie hapo.

Ndugu zetu mlio nyumbani, tunawapenda, ila acheni kutuambia "ungeomba tu msamaha yakaisha." Uchagani jani la sale, mmea wa kuombea msamaha, likishapelekwa, aliyekosewa hana budi kusamehe, na jambo linafungwa. Huku radhi ndiyo inayofungua faili. Na mama akija kutembea, mweleze kabla hajapanda gari: asishuke kumshika yule dereva mkono na kumwambia "sorry, my daughter is tired." Ameshakuwa shahidi, tena dhidi ya mwanawe. Kwa maoni yetu, jamii inayomfanya mtu aogope kumpa pole aliyeumia imepoteza kitu kikubwa, lakini ndiyo tunayoishi nayo.

Wanaolea wazee kwenye makao, kwenu mambo yana upande wa pili. Mzee akianguka, mpe pole kwa sauti ya upole, usimnyamazie. Ila kwenye ripoti ya tukio andika ulichokiona: saa ngapi, amelala wapi, kiatu kiko mguuni au la, umemwita nani. Kama hukumwona akianguka, andika "nimemkuta sakafuni", usiandike "ameteleza". Usiandike "sorry" wala "ningekuwa karibu." Na usije ukaambiwa kwamba kuomba radhi kumekatazwa kabisa: England, kanuni ya 20 ya kanuni za huduma za afya na matunzo za mwaka 2014 inamlazimu mtoa huduma kumwomba radhi mgonjwa au familia yake pale madhara makubwa yanapotokea. Radhi hiyo hupitia kwa meneja na hufuatiwa na barua. Usiitangulie kwa ujumbe wako binafsi kwa binti wa mzee.

Kama neno limeshakutoka, usilikane. Siku hiyo hiyo andika maneno yako kama yalivyokuwa, kwa lugha uliyoyasemea, uliyasema wakati gani na nani alisikia. Kama yalikutoka kwa Kiswahili, andika "pole" na ueleze kwamba kwetu husemwa hata na mpita njia. Ipe karatasi hiyo kampuni ya bima, au meneja kama ni kazini, na usimtumie mhusika ujumbe mwingine hadi wakujibu.