Somo: Kuzijua Aina za Vyoo vya Nyumbani na Kutengeneza Tangi Linalovuja

Kabla ya kushika spana, ni vyema kuelewa jinsi choo chako kinavyofanya kazi, kwa kuwa tatizo lilelile, kama vile harufu, huwa na chanzo tofauti katika kila aina ya choo.

Choo cha shimo chenye bomba la hewa hutegemea upepo unaopita juu ya bomba hilo na kuivuta hewa chafu kutoka shimoni. Nzi nao hufuata mwanga wa bombani, wakanaswa na wavu uliofungwa juu. Ndiyo maana tundu la choo hiki halifunikwi na kibanda chake hujengwa chenye giza kiasi. Choo cha kumwagia maji na kile cha tangi, kiwe cha kuchuchumaa au cha kukaa, huzuia harufu kwa maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki la choo. Choo kisipotumika kwa muda mrefu maji hayo hukauka, na dawa yake ni kumwaga maji tu.

Tangi ndilo lenye usumbufu mwingi, na inasikitisha kuona watu wakilitupa zima kwa sababu ya kipande kimoja cha mpira.

Hatua ya 1. Ondoa kifuniko, kilaze sakafuni mahali pasipopitwa na watu, kisha tazama maji. Yanapaswa kusimama takriban sentimita 2 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Yakiwa yanamiminika ndani ya bomba hilo, inua boya kwa mkono: yakikatika, shusha boya kwa skrubu yake; yasipokatika, valvu ya kuingizia maji imechakaa au imeingia mchanga.

Hatua ya 2. Ikiwa kiwango ni sahihi lakini tangi hujijaza lenyewe mara kwa mara, tia matone ya rangi ya chakula ndani yake na usiflashi kwa dakika 30. Rangi ikionekana sinkini, mpira wa chini, yaani ule unaoziba tundu la kutolea maji tangini, hauzibi.

Hatua ya 3. Funga koki, flashi, kisha utoe mpira. Pitisha kidole kuzunguka kitako chake. Ukihisi mikwaruzo ya chokaa, isugue kwa kitambaa chenye siki. Mpira uliopinda, au unaoacha weusi vidoleni, umekwisha, na ni lazima uende nao dukani ili upate wa kipimo kilekile. Unapofunga mpya, acha mnyororo ulegee kidogo, kwa sababu ukiwa mfupi huuinua mpira, na ukiwa mrefu hunaswa chini yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, sinki langu la kukaa linatikisika, na maji hutoka chini kila ninapoflashi. Je, nizibe kwa saruji?
Jibu: Hapana, ndugu. Kiungio kati ya sinki na bomba la maji taka ndicho kinachovuja, na saruji itayaficha maji machafu bila kuyazuia. Funga koki, toa maji yote, ng'oa sinki, badilisha sili (mpira wa kuzibia kiungio hicho), kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, kwani kauri hupasuka ikikazwa upande mmoja.

Swali: Je, vidonge vya klorini vinafaa kuwekwa tangini?
Jibu: Sivishauri, kwa kuwa huharibu mpira mapema. Ikiwa vimo, usitumie siki niliyoitaja hadi uvitoe na kusuuza tangi vizuri, maana klorini ikikutana na siki au asidi nyingine hutoa gesi yenye sumu.

Swali: Choo changu cha shimo kina bomba la hewa, lakini bado kinanuka. Tatizo ni nini?
Jibu: Chunguza kwanza utando wa buibui ndani ya bomba, kwani huzuia hewa kupanda. Mwaga maji kutoka juu ili kuuondoa, na ukiwa hukohuko juu kagua wavu: ukiwa umetoboka, ubadilishe siku hiyohiyo, kwa kuwa nzi hutokea hapo.