Ukifika Conques, usikimbilie ndani: namna ya kulizuru kanisa la mawe la karne ya 11

Ukifika Conques, usiingie kanisani kwanza. Simama uwanjani upande wa magharibi, uutazame mlango mkubwa, na kama saa ni ya kuchagua, chagua alasiri. Kanisa limeelekea magharibi, kwa hiyo jua likianza kushuka hulipiga moja kwa moja lile jiwe lililochongwa juu ya mlango, na kila nakshi ikajitokeza. Asubuhi mahali hapo pamo kivulini na mengi yatakupita.

Conques ni kijiji kidogo cha Aveyron, kusini mwa Ufaransa, takriban kilomita 40 kutoka mji wa Rodez, kimejibana kwenye mteremko wa bonde. Kanisa lake la Mtakatifu Foy, msichana Mkristo aliyeuawa zamani kwa ajili ya imani yake, lilijengwa katika karne ya 11 hadi mwanzoni mwa ya 12, kwa mtindo uitwao Kiromaneski: kuta nene, matao ya nusu duara, mawe kwa mawe hadi darini. Mimi ni mwashi. Nimekulia Lamu kwenye mawe ya matumbawe na chokaa, na dini yangu ni Uislamu, kwa hiyo naelekeza kama mgeni anayeanza na kazi ya mikono ya mafundi. Naamini njia hii inamfaa mgeni wa dini yoyote.

Turudi mlangoni. Hapo pamechongwa siku ya hukumu, na watu ni zaidi ya mia. Usijaribu kuwatazama wote kwa pamoja. Anzia katikati kwa Yesu aliyeketi, mkono wa kulia ameuinua, wa kushoto ameushusha. Fuata ule ulioinuliwa, yaani upande wako wa kushoto: utaona msafara wa Maria, Petro mwenye ufunguo, na nyuma yao mfalme Charlemagne akishikwa mkono na abati, yaani mkuu wa watawa. Teremsha macho kidogo. Kuna msichana amesujudu chini ya mkono mkubwa unaotokeza mawinguni. Huyo ndiye Foy, na nyuma yake zimetundikwa pingu. Watu waliamini dua zake huwafungua wafungwa, nao waliofunguliwa walizileta pingu zao hapa kushukuru. Fundi aliona zimening'inia kanisani, akazichonga kama alivyoziona.

Sasa nenda kwenye mizani, chini ya miguu ya Yesu. Malaika yuko upande huu, shetani upande ule, wanatazamana. Toa darubini ndogo (ibebe, utaishukuru) umwangalie huyo shetani: kidole chake kiko juu ya sahani ya mizani, anaibonyeza ielemee kwake. Nilikaa sana hapo. Kidole kama hicho kukichonga bila kukivunja ni kazi ya mtu aliyeijua patasi yake, na aliyewahi kumwona mchuuzi akipunja sokoni. Upande wa motoni utamwona bahili amenyongwa na mfuko wake wa fedha shingoni, na mwenye kiburi akibwagwa kichwakichwa kutoka juu ya farasi. Kwenye kona zilizokingwa na mvua bado kuna mabaki ya rangi, nyekundu na samawati, maana zamani mchongo wote ulipakwa rangi. Maandishi ya Kilatini yanayopita kati ya safu yanawaonya wenye dhambi kwamba wasipobadili mwenendo, hukumu itakuwa kali. Ukimaliza, pandisha macho kwenye ukingo wa nje wa tao. Kuna vichwa vidogo vinachungulia kutoka nyuma ya utepe wa jiwe, vimeushika kwa vidole, vinatazama kama wewe. Wengi huondoka bila kuviona.

Kabla ya kuingia, lizunguke kanisa. Upande wa mashariki utaona vijikanisa vya duara vimejipanga chini, juu yao ukuta wa duara kubwa zaidi, kisha mnara wa pembe nane. Hapo angalia mawe: kuna ya manjano, mekundu na ya kijivu. Ujenzi wa miaka mingi hubadilisha machimbo, na jiwe lenyewe linakusimulia. Vilele vya minara miwili ya mbele ni vya karne ya 19, usivihesabu na kazi ya zamani.

Ndani, simama mpaka macho yazoee, kisha tazama juu. Dari liko mita 22 hivi kutoka sakafuni, na ni tao moja refu la mawe linaloendelea hadi pale mabawa mawili ya kanisa yanapokutana kwa umbo la msalaba. Kwetu Lamu upana wa chumba hutokana na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Hapa hakuna boriti ya kubeba dari. Lakini tao zito namna hii halitulii, linasukuma kuta nje usiku na mchana. Ukitaka kujua kwa nini hazijaanguka, tazama ubavuni, ghorofa ya juu ya ujia. Kule kuna matao ya robo duara yanayoegemea ukuta wa kati na kuusukuma urudi ndani. Na kwa kuwa hawakuthubutu kutoboa madirisha chini tu ya dari, mwanga unaingia kwa kuzunguka, kupitia ubavuni na mnarani. Ukishaelewa hilo, hata giza la kule juu utaliona ni hesabu ya fundi.

Vioo vya madirisha si vya zamani. Ni kazi ya Pierre Soulages, mchoraji mzaliwa wa Rodez, iliyokamilika mwaka 1994: madirisha 104, hakuna picha wala rangi, ni kioo kizito cheupe kinachopitisha mwanga bila kuonyesha nje, na mistari myeusi iliyopinda. Wapo wasiovipenda. Mimi naviunga mkono, kwa sababu vinaliacha jiwe liseme. Vitazame saa mbili tofauti za siku, rangi yake hubadilika na jua.

Pita nyuma ya altare kwa ule ujia wa mviringo. Ulijengwa ili mahujaji wa Kikristo waendao Santiago de Compostela, Hispania, wazunguke masalia, yaani mabaki ya mwili wa Foy, bila kukatiza ibada. Masalia yenyewe, kwa masimulizi ya watawa wenyewe, yaliibwa na mtawa wa Conques katika mji wa Agen, karne ya 9. Sanamu ya dhahabu ya Foy, mbao iliyofunikwa mabati ya dhahabu na vito, iko kwenye hazina jirani. Kata tiketi. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wanakijiji waliigawana hazina wakaificha majumbani mwao, kisha wakairudisha.

Hili bado ni kanisa la ibada, linatunzwa na watawa Wapremonstratensi, shirika la Kikatoliki, tangu mwaka 1873. Mwanamume avue kofia, simu izimwe, na sala ikianza keti kimya au toka taratibu. Usiguse michongo, jasho la vidole hulila jiwe. Vaa viatu visivyoteleza, vichochoro ni vya mawe na vina mteremko mkali.

Ukiweza, lala kijijini. Msimu wa wageni, usiku mtawa huuelezea mchongo wa mlangoni, kisha kinanda hupigwa ndani na watu huruhusiwa kupanda kwenye zile ghorofa za ubavuni. Hapo ndipo utayakaribia matao ya robo duara na vichwa vya nguzo vilivyochongwa. Kesho yake, ukirejea Rodez, jumba la makumbusho la Soulages lina michoro ya maandalizi ya vile vioo.