Namna ya kufungua na kusoma daftari la zamani la ubatizo

Wengi wanaokuja kwenye kabati la kumbukumbu ninalolihudumia hapa Tabora wanatafuta jina la babu au bibi. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki ambao wengi wao wakati huo walikuwa Wafaransa, walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka 1879. Misheni zao ziliandika shajara ya kila siku, pamoja na madaftari ya sakramenti. Nitaeleza ya ubatizo, maana ndiyo yanayoombwa zaidi na ndiyo yanayoumizwa zaidi.

Hatua ya 1: Ruhusa. Mwandikie paroko, utaje jina unalotafuta na miaka unayokisia. Humo mna siri za familia za watu wengine, kwa hiyo usipige picha ukurasa wowote kabla hajakubali.

Hatua ya 2: Mikono na meza. Nawa kwa sabuni, ukaushe kabisa, usipake mafuta. Glavu ni za kushikia picha za zamani, hapa usizivae. Kwenye karatasi kavu zinaondoa hisia ya vidole na ukurasa unachanika. Kunja kanga mbili safi, uziweke chini ya majalada yote mawili ili mgongo wa kitabu usilazimike kulala bapa. Kalamu ya wino isikaribie, tumia penseli.

Hatua ya 3: Vumbi. Brashi laini, ukisukuma kutoka mgongoni kwenda nje. Ukurasa uliochanika usiubandike selotepu. Nimeona gundi yake ikigeuka kahawia na kufunika jina zima, na jina hilo halikurudi. Ule wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma nao hula karatasi, kwa hiyo penye maandishi mazito geuza polepole mno.

Hatua ya 4: Kusoma. Hapa usiwe na haraka. Madaftari mengi ni ya Kilatini: natus ni aliyezaliwa, filius ni mwana, filia ni binti, patrinus ni msimamizi wa kiume. Ukiona in periculo mortis, mtu huyo alibatizwa akiwa hatarini kufa. Ignoti mahali pa wazazi maana yake hawakujulikana. Mimi husimama hapo kidogo, kwa sababu misheni za mwanzo zilipokea watoto waliokombolewa utumwani. Majina ya mahali yasome kwa sauti, kwa mdomo wa Mfaransa: “ou” ni u, “dj” ni j. Oudjidji ni Ujiji, Ounyanyembé ni Unyanyembe.

Kisha angalia pambizoni. Mtu anapofunga ndoa, parokia iliyofungisha hutakiwa kupeleka taarifa kule alikobatizwa, na huandikwa kando ya jina lake. Mistari miwili ile inaweza kukuambia babu alihamia wapi, alioa lini, na parokia gani ukaulize tena. Watu wengi huinakili safu ya jina na kuiacha hiyo. Inakili yote, hata usichokielewa, kwa tahajia ileile.

Hatua ya 5: Picha. Mwanga wa dirishani, bila flashi. Anza na jalada, halafu ukurasa wenyewe mzima, namba ionekane. Faili ipe jina la parokia, daftari na ukurasa.

Hatua ya 6: Kurudisha. Kabati lisigusane na ukuta, na rafu ya chini iinuliwe kutoka sakafuni, maana mchwa hupanda kwa ukuta. Kagua nyuma yake kila wiki wakati wa mvua.